Maua Yanaliwa, Ila Nani Anayala? Usishike Bomba Kabla Hujamjua



Mwezi huu wa sita simu yangu haipumziki. Mbaazi zimeanza kutoa maua, maharage ya mabondeni nayo yako kwenye maua, na wenye bustani za umwagiliaji wanaandaa vitalu vya tikiti na matango. Ujumbe ninaopata ni ule ule: "Bibi shamba, maua yanaliwa, nipulize dawa gani?" Na jibu langu ni lile lile, najua linawaudhi: "Umemuona anayekula?" Hapo mtu anakaa kimya. Wengine wanakata simu kabisa.

Sio kwamba nataka kuwasumbua. Ua ndio pesa yenyewe. Jani likiliwa, mmea unaweza kutoa jingine. Shina likijeruhiwa, linaweza kupona. Lakini ua lililoliwa leo ni ganda la mbaazi au tikiti ambalo hutaliuza. Na ua hilo hilo ndiyo sehemu ambayo nyuki anaingia kukufanyia kazi bila malipo. Kwa hiyo ukikosea hapa unapoteza mara mbili. Umenunua dawa, na umemuua aliyekuwa anakusaidia.

Nianze na kisa cha mwaka jana. Kijana mmoja upande wa Peramiho alikodi bondeni ekari moja, akanunua pampu ndogo, akapanda tikiti. Mwezi wa tisa akanipigia, sauti imebadilika. Maua yanadondoka kila siku, chini kumejaa maua ya njano, na ameshapuliza mara tatu. Alienda duka la pembejeo akasema "maua yanaisha", akapewa chupa. Aliporudi wiki ya pili akapewa chupa nyingine kali zaidi. Alikuwa anapuliza saa 3 asubuhi kwa sababu ndio muda kibarua wake anafika.

Nilipofika niliinama nikaokota maua kama ishirini chini. Hakuna hata moja lililokuwa limeng'atwa. Yote yalikuwa mazima, yamesinyaa tu, na yote yalikuwa madume.

Mdogo wangu, hili ulijue kama unavyojua jina lako: tikiti, tango, boga na ndugu zao wana maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Jike lina katunda kadogo nyuma yake, dume halina, limekaa juu ya kikonyo chembamba tu. Madume ndiyo yanatangulia kutoka, na ni mengi kuliko majike. Kila dume likimaliza kazi yake ya chavua, linadondoka. Ndivyo lilivyoumbwa. Yule kijana alipigana vita na maua ambayo yalikuwa yanakufa kwa uzee.

Tabu ilikuja baadaye. Majike yalipoanza kutoka, nyuki hawakuwepo. Tulitembea pale saa 3 na nusu asubuhi, jua limetoka vizuri, maua yamefunguka, nikahesabu nyuki wawili tu ekari nzima. Chini ya mimea tuliona waliokufa. Tikiti bila nyuki halizai, kwa sababu chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Vitunda vingi viligeuka njano vikakauka. Vilivyobaki vilikua upande mmoja, vimepinda kama figo, na mnunuzi wa sokoni hapa Songea mjini alivikataa. Kodi ya shamba ilienda, mafuta ya pampu yalienda.

Simcheki huyo kijana, maana mimi mwenyewe nimefanya kosa linalofanana na nikiwa na stashahada yangu mkononi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilienda kwa mzee mmoja mwenye mbaazi. Nikamsalimia "Shikamoo baba", nikasimama pembeni mwa shamba, nikaona mbawakavu wachache wenye rangi kali juu ya maua, nikasema hao ndio, piga dawa. Sikuingia ndani ya shamba. Sikufungua ua hata moja. Akapuliza mchana. Baada ya siku kumi akaniita. Maua yalikuwa yamefungwa fungwa na utando, ndani kuna viwavi wazima kabisa. Akaniambia taratibu, bila hasira: "Mwanangu, dawa yako imeua nyuki wa jirani yangu. Wadudu wangu bado wapo." Jirani alikuwa na mizinga. Kile kimya kilichofuata sijakisahau.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na ndio ninaotaka muuchukue.

Kwanza, jua kama ua limeliwa au limedondoka. Okota maua chini ya mimea mbalimbali, yatandaze kwenye kiganja au karatasi, angalia moja moja. Kama ni mazima, achana na wadudu kwanza. Jamii ya kunde hudondosha sehemu kubwa ya maua yake hata mwaka mzuri. Mbaazi ndiyo kabisa, inatoa maua mengi kupita uwezo wake wa kulea, halafu inayaacha yaanguke. Ukame mfupi wakati wa maua huongeza kudondoka. Kumwaga urea nyingi nako kunafanya mmea unenepe majani na kusahau kuzaa. Kwa wenye nyanya, baridi yetu hii ya mwezi wa sita na wa saba ni sababu tosha. Usiku ukiwa wa baridi kali chavua haifanyi kazi, ua linageuka njano penye kifundo cha kikonyo, linaanguka. Hakuna dawa ya kuua baridi ya Songea. Kinachobadilishwa ni tarehe ya kuhamisha miche.

Kama ua limeng'atwa, limetobolewa, limefungwa au limegeuka kahawia kabla ya kufunguka, hapo kuna mtu. Sasa tumtafute.

Kuna vipindi vitatu vya kwenda shambani, na usiruke hata kimoja. Saa 12 na nusu asubuhi kukiwa bado na umande. Kati ya saa 4 na saa 6 mchana jua likiwaka. Halafu saa 2 usiku na tochi. Kila mlaji ana ratiba yake. Anayelima kwa kupitia shambani saa 10 jioni tu anaona madhara, haoni mkosaji. Chukua beseni jeupe au kitambaa cheupe, kiwembe kidogo, na daftari. Simu ya kupiga picha unayo tayari.

Tembea kwa kupinda pinda, usifuate mstari wa pembeni kama nilivyofanya mimi kwa yule mzee. Chagua mimea kumi, kila mmoja chukua maua kumi, uwe na maua mia. Yafungue. Ukikuta kumi na mbili yana kiwavi, hiyo ni asilimia 12, huhitaji hesabu ngumu. Andika tarehe. Rudia baada ya siku tatu. Namba ikipanda haraka unajua unakoelekea, ikisimama au ikishuka una muda.

Sasa wenyewe.

Yule anayeonekana kuliko wote ni mbawakavu wa maua. Ana mwili mweusi na mabawa magumu yenye mistari ya njano, ya machungwa au mekundu, ukubwa kama wa nyuki au zaidi. Anakula mchana, wazi kabisa, hana aibu. Anatafuna petali na sehemu za ndani mpaka linabaki tako la ua. Utamkuta kwenye mbaazi, kunde, maharage, bamia, hata maboga. Huja kwa makundi, ndiyo maana mtu anashtuka. Jana hakukuwa na kitu, leo shamba limejaa rangi.

Huyu nina mambo matatu ya kusema juu yake. Usimponde kwa mkono mtupu. Ana sumu inaitwa kantharidini, inatoa malengelenge kwenye ngozi, na ukigusa jicho utajuta. Vijana wa kiume mnaojifanya wagumu, nimewaona wenzenu na mikono imevimba. Pili, watoto wake wanaishi ardhini na wengi wao wanakula mayai ya panzi, kwa hiyo sio adui asilimia mia, na huna haja ya kummaliza mpaka wa mwisho. Tatu, na hii ndiyo faida ya kulima kwenye mkoa wa baridi, asubuhi yeye ni mzito. Kabla jua halijawa kali anakaa juu ya ua kama amelewa. Vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi, shika beseni lenye maji na sabuni ya unga, kung'uta tawi, anatumbukia. Wafukie, usiwamwagie kuku. Kwa ekari moja au mbili, watu watatu kwa asubuhi tatu mfululizo wanapunguza kundi kubwa. Piga hesabu ya vibarua hao, halafu piga hesabu ya dawa, maji na mtu wa bomba, na ukumbuke kwamba kesho wengine wanaruka kutoka shamba la jirani na kuja kwako. Mimi kwa eneo dogo nachagua beseni.

Yule wa pili haonekani, na kwa mbaazi na kunde yeye ndiye mwizi mkubwa. Wataalamu wanamwita Maruca vitrata. Mama yake ni nondo mdogo wa usiku anayetaga mayai kwenye vitumba vya maua. Kiwavi akitoka anaingia ndani ya ua, anakula mle mle, halafu anaunganisha maua, majani na maganda machanga kwa utando wa nyuzi kama mtu aliyeshona. Ukivuta shada la maua yakaja pamoja yameshikana, na ndani kuna kinyesi kama unga wa kahawia, umempata. Fungua taratibu. Kiwavi ni mweupe mchafu au kijani hafifu, mgongoni ana madoa meusi yamepangwa mawili mawili.

Ndiye aliyenishinda kwa yule mzee. Ukishamuona ameshona, dawa nyingi za kugusa hazimfikii, anakaa ndani ya nyumba yake wewe unalowanisha paa. Muda wa kumshika ni mapema, vitumba vinapoanza na viwavi bado wadogo, ndiyo maana nasisitiza kufungua maua mia kabla shamba halijawa la njano lote. Kama ni bustani ya kunde au maharage, chuma mashada yaliyoshikana uyachome au uyafukie. Kwa mbaazi ndefu kupita kichwa chako hilo ni gumu, sikudanganyi. Hapo dawa inaweza kuwa lazima, ila iwe inayofaa kwa viwavi na ipulizwe kwa muda nitakaoeleza.

Funza wa vitumba utamtofautisha kwa tundu. Anatoboa tundu la duara safi, anaingiza kichwa, nusu ya mwili anaiacha nje kama mtu anayechungulia sufuria. Rangi yake inabadilika, kijani, kahawia, hata waridi, kwa hiyo usimtambue kwa rangi. Hashoni utando. Mara nyingi yuko peke yake kwa sababu wanalana wenyewe kwa wenyewe. Anapenda nyanya, pamba, dengu na mbaazi, na akimaliza maua anahamia kwenye tunda au ganda.

Vithiripi ni wadogo kama kipande cha uzi, wanakaa ndani ya ua la maharage au kunde. Hawatafuni, wanakwangua na kufyonza. Kitumba kinakuwa kahawia na kuanguka kabla hakijafunguka, au ua linatoka limekunjamana. Mbinu rahisi: pumulia ndani ya ua kwa mdomo, halafu subiri kidogo. Watatoka mbio. Au kung'uta ua kwenye karatasi nyeupe uone vitu vyeusi na vya njano vinavyotembea.

Waliobaki nitawapitia haraka. Panzi anaacha kingo zisizo na mpangilio na anakula majani pia, sio maua peke yake. Konokono anafanya kazi usiku na anaacha njia inayong'aa kama ute umekauka. Na ukikuta vichwa vyote vya maua vimekatwa kimo kimoja, kuanzia pembeni mwa shamba kuingia ndani, usije kwangu. Nenda kamsalimie jirani mwenye mbuzi.

Kwa wenye tikiti na matango, jike likigeuka njano likiwa na katunda, likate katikati na kiwembe. Ukikuta funza weupe wadogo, ni nzi wa matunda, okota yote yaliyochomwa uyafukie kwa kina. Ukikuta ndani ni safi, tatizo ni uchavushaji. Hapo rudi kwenye swali la nyuki. Unaweza kujaribu mwenyewe: kesho saa 1 asubuhi chuma dume, ondoa petali, gusisha chavua yake kwenye majike kumi, yafunge uzi. Kama hayo kumi yanakua na mengine yanakauka, umepata jibu bila kulipa mtu.

Sasa dawa. Sijasema usitumie. Mimi ni bibi shamba, sio mtawa. Ninachokataa ni kupuliza kabla ya kujua na kupuliza saa mbaya. Wengi wenu mnakimbilia dawa za jamii ya pairethroidi kwa sababu ni rahisi na zinaangusha wadudu papo hapo. Hizo zinaangusha nyuki vile vile, na zinaua buibui na nyigu wadogo waliokuwa wanakula viwavi wako. Ukiona wiki mbili baada ya kupuliza tatizo limerudi kubwa kuliko mwanzo, mara nyingi umewaondoa walinzi ukawaachia wezi.

Ukifikia uamuzi wa kupuliza, soma lebo. Angalia kama mdudu uliyemuona ametajwa na kama zao lako limetajwa. Angalia namba ya usajili wa TPHPA, hao ndio waliochukua kazi ambayo zamani tulizoea kuiita ya TPRI Arusha, baada ya sheria ya mwaka 2020. Angalia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, hasa maharage mabichi na matango ambayo unachuma kila baada ya siku mbili. Puliza jioni, kuanzia saa 11 na nusu, nyuki wakiwa wamerudi na maua ya maboga na matikiti yakiwa yamefunga. Kama kuna mwenye mizinga karibu, mwambie siku moja kabla. Usichanganye chupa tatu kwenye bomba moja kwa sababu fulani alifanya ikakubali. Na usirudie dawa ya kundi lile lile kila mara, wadudu wanazoea.

Mtu wa mbaazi ataniuliza, dada, hizi hesabu zote za nini? Waliolima mwaka 2017 watakujibu vizuri kuliko mimi. India ilipoweka kizuizi cha kuingiza mbaazi mwezi wa nane mwaka ule, bei ilianguka watu wakiwa na magunia ndani. Siku hizi tunauza kwa stakabadhi ghalani na mnada, lakini bei bado inaamuliwa mbali na Namtumbo na Tunduru na hapa kwetu. Wewe huishiki bei. Unachoshika ni gharama, na chupa uliyopuliza kwa mdudu asiyekuwepo ni gharama ambayo hakuna mnada utakaokurudishia.

Mkitaka niwasaidie kwa simu, nitumieni picha nne: mmea mzima, ua lililoharibiwa kwa karibu, ua hilo hilo likiwa limefunguliwa, na mdudu kama mmempata. Andikeni saa mliyopiga na mara ya mwisho kupuliza ilikuwa lini na dawa gani. Picha moja ya mbali yenye maneno "saidia haraka" siwezi kuitumia.

Yule kijana wa Peramiho amerudi bondeni. Mwaka huu ameanza na maharage, tikiti anasubiri joto. Juzi alinipigia saa 2 na robo usiku, nikajua kuna msiba. Yuko shambani na tochi, anaongea kwa kunong'ona kama anawinda. "Dada, nimemuona." Alikuwa konokono, wametoka kwenye majani marefu ya kingo za mfereji. Aliokota nusu ndoo kwa usiku mbili, akafyeka zile kingo, na mpaka leo bomba lake limening'inia stoo.